Mtu Tuliyemnyima Jina

Tulimzika senge Taplelei kule Merigi, kwa binti yake, na mvua ikatuheshimu, ikangoja hadi kaburi lifunikwe. Senge kwa Kipsigis ni shangazi, dada ya baba. Alikuwa amelazwa hospitali ya Longisa kwa muda, uzee tu, na habari ya kifo chake ilinikuta Kericho nikipalilia sukuma wiki yangu. Familia ikaniomba niandike wasifu, kwa kuwa mimi ndiye mwalimu, na katika ukoo wetu mwalimu hata akistaafu hastaafu. Nikaandika kama wasifu unavyoandikwa: alizaliwa, akaolewa, akaokoka, akajaliwa watoto, wajukuu na vitukuu. Watu walisikiliza kwa adabu huku macho yao yakitafuta sufuria za chakula ziko upande gani. Nilipokunja karatasi nikaona nimesoma kila kitu isipokuwa senge mwenyewe. Basi habari za nani alimzaa nani zilishasomwa, na hapa naziruka. Nataka kuandika mwaka mmoja tu, ule niliokaa kwake juu ya Kiptere baada ya Kidato cha Nne, nikingoja matokeo, mwaka ambao kitabu cha hadithi kilisimama kati ya jirani yetu na watu waliokuja kumfukuza.

Kilichonichokoza ni maneno ya mpwa wangu siku hiyo ya mazishi. Anafundisha shule ya upili, kijana mzuri, ila ana haraka ya kukata tamaa. Tukiwa tunakula akaniambia, "Auntie, hizi novel za vita, za watu wa mbali huko, wanafunzi wananiuliza zinawasaidia na nini. Na mimi, kusema ukweli, sina jibu. Story ni story tu." Nikamwambia amalize nyama kwanza, kwa sababu jibu langu ni refu na nyama ikipoa haina maana. Nimefundisha fasihi karibu maisha yangu yote na swali hilo nimelisikia kutoka kwa wanafunzi, wazazi, hata kwa mwalimu mkuu mmoja aliyetaka kipindi changu akipe somo la kilimo. Sijawahi kulijibu kwa unyonge. Nilipata jibu nikiwa bado msichana, kabla sijajua kwamba kuna swali.

Nyumba ya senge ilikuwa na vyumba viwili vya mabati, na jiko la udongo limesimama peke yake uani. Maisha yote yalikuwa jikoni. Vibuyu vya mursik vilining'inia ukutani, vimesafishwa kwa mkaa, na harufu ya maziwa yale yaliyolala ilikaa kwenye nguo zangu hata nikienda kanisani. Kwenye kona ya shamba, kando ya mstari wa mwisho wa chai, palikuwa na nyumba ndogo aliyokodi Mama Moraa, Mkisii aliyefika huko miaka mingi nyuma na mume wake kutafuta kazi ya kuchuma. Mume alifariki, yeye akabaki na msichana wake mdogo, Moraa. Alichuma chai ya senge na ya majirani, na alizungumza Kipsigis vizuri kuliko baadhi yetu tuliosomea bweni. Jioni alikuja jikoni na sufuria yake ya saga, mboga chungu ya kienyeji, senge naye ana saga yake motoni, na hapo ugomvi unaanza. "Hii umepika ama umeosha tu?" senge anauliza akionja. "Mama, wewe unaweka maziwa mpaka mboga inaogelea," Mama Moraa anajibu. "Sisi kwetu mboga inapikwa, haiogeshwi." Kisha kila mmoja anakula ya mwenzake hadi sufuria inabaki safi. Mimi nilikaa katikati na kimyet yangu, ugali wa kwetu, nikifaidi kotekote.

Kitabu nilikipata sokoni Kiptere kwa mama wa njugu. Alikuwa anachana kurasa kufungia wateja, na nilipomwomba anipe kilichobaki alishangaa sana, akanipa na njugu juu. Jalada lilikuwa limeshaondoka, na sura ya kwanza pia. Kuna watu wa Kiptere waliokula njugu kutoka kwenye sura ya kwanza bila habari. Hadi leo sijui kitabu kile kinaitwaje wala nani alikiandika. Kilikuwa cha Kiingereza, kuhusu mji mdogo wa nchi ya baridi uliotekwa na jeshi la kigeni. Askari wanawatafuta watu wa kabila moja, mtaa kwa mtaa. Mwoka mikate mmoja anamficha jirani yake, mwanamke mwenye mtoto mchanga, chini ya sakafu ya chumba cha tanuri, na askari wenyewe wanakuja kila asubuhi kununua mikate, wamesimama juu ya kichwa chake. Nilikisoma nikipika, nikakisoma nikichota maji, na senge akasema nitakuja kutumbukia mtoni na kitabu changu.

Lakini mahali hasa pa kusomea palikuwa kituo cha kununulia chai. Kilikuwa banda la mabati lenye meza ndefu za mbao, mizani ikining'inia mwisho wa banda. Wachumaji walifika alasiri na magunia yao na kuyamwaga majani mezani yapate hewa, maana majani chai yakikaa guniani hupata joto, hugeuka mekundu, na karani huyakataa. Kumwaga gunia ni kazi ya watu wawili, mmoja ameshika mdomo, mwingine ameshika kitako, na kila aliyefika alisaidiwa bila kuomba. Baada ya hapo ni kungoja lori la kiwanda, ambalo msimu wa matope lilikuja lilipotaka. Siku moja nilikuwa nimeegemea nguzo nikisoma, na sikujua kama machozi yananitoka. "Mwalimu," Mama Moraa akaniita, ingawa matokeo hayakuwa yametoka na ualimu ulikuwa bado ndoto yake kuliko yangu, "hiyo karatasi imekufanya nini unalia hivyo? Tuambie na sisi tulie." Wanawake wakacheka, mikono yao ikiendelea kugeuza majani. Nikaanza kuwasomea, nikitafsiri papo hapo, Kipsigis nikichanganya na Kiswahili, na pale Kiingereza kiliponishinda nikitunga daraja la kupitia.

Sikufika mbali. Mwanamke wa kitabuni alikuwa na jina refu, na nilipolisema mara ya pili senge akainua mkono. "Ngoja. Huyu mama alizaliwa saa ngapi?" Kwetu mtu hupewa jina kutokana na saa au hali aliyozaliwa nayo, kwa hiyo swali halikuwa la kijinga hata kidogo. Nikamwambia kitabu hakikusema. "Basi mwenye kuandika alisahau," senge akasema. "Na tuseme ng'ombe walikuwa wanarudi nyumbani. Ni Cherotich." Ikapita. Mwoka mikate, kwa kuwa kazi yake ni ya alfajiri, akawa Kipng'etich, aliyezaliwa ng'ombe wakitoka kwenda malishoni. Tulipofika kwa yule mtoto mchanga, Mama Moraa akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayejaribu mlango, "Mtoto si apewe jina ya kwetu? Aitwe Kemunto." Wanawake wakatazamana. Senge akageuza majani yake mara moja, akasema, "Kemunto. Ni jina nzuri. Endelea, chepto." Mimi ndiye chepto, yaani msichana. Tangu siku hiyo Cherotich alikuwa chini ya sakafu na Kemunto mikononi, na hakuna aliyeona ajabu.

Nilipowaambia walimu wenzangu miaka ya baadaye kilichofuata, walicheka hadi wakashika mbavu. Jumapili moja, mchungaji alipouliza kama kuna mwenye ombi, senge alisimama na kusema, "Tuombee Cherotich. Amefichwa na mtoto, na askari wako juu yake." Kanisa zima likaguna kwa huruma. Mchungaji akauliza ni Cherotich wa nani, wa upande gani, na senge akajibu, "Ni wa mbali, lakini tunamjua." Tukamwombea, tena kwa machozi. Wiki hiyo mama mmoja alileta kituoni shuka ya mtoto, kuukuu lakini safi, akaniuliza kama nina njia ya kuifikisha. Nikamweleza kwamba ni hadithi. Akanitazama kwa subira. "Najua ni hadithi," akasema. "Lakini huko kwenye hadithi si ni baridi?" Wenzangu wakicheka mimi nacheka nao, kisha nawaambia kwamba sijawahi kukutana na wasomaji bora kuliko wale.

Mwanamume pekee aliyesikiliza ni arap Koech, jirani wa ng'ambo ya kijito. Mkewe alikuwa mgonjwa kwa hiyo alileta majani mwenyewe, na alikaa juu ya magunia yake matupu akitugeuzia mgongo, akijifanya anatengeneza redio. Redio ile haikupona mwaka mzima. Siku niliyosoma sura ya msako, nilimwona ameiweka chini. Katika sura hiyo kuna mtu wa mtaa uleule, anayejua nani anakaa wapi. Anatembea mbele ya askari na fimbo. Akifika kwenye mlango wa mtu anayetafutwa anaugusa kwa fimbo, kisha anasonga. Haingii nyumba yoyote na hampigi mtu. Jioni anamwambia mkewe, mimi naonyesha tu. Nilimaliza sura. Nikauliza, kama kawaida, huyu naye alizaliwa saa ngapi.

"Huyo hapewi," senge akasema.

"Lakini senge, yuko kitabuni mpaka mwisho. Nitamwitaje?"

"Usimwite. Hizi majina ni zetu. Hatuwezi kupea mtu kama huyo."

Arap Koech akageuka kwa mara ya kwanza. "Lakini huyo mtu alilazimishwa," akasema. "Akikataa, si watamuua yeye?"

"Pengine," senge akajibu. "Mimi sijasema auawe. Nimesema jina hapati." Na kweli hakupata. Tulimwita yule wa fimbo, na kila nilipomsoma wanawake walitazama pembeni.

Ulikuwa mwaka wa kampeni, na mambo yakachacha. Tulianza kusikia kwamba kwenye matuta ya vilima vya ng'ambo nyumba za watu waliotoka nje zimechomwa, kisha tukaanza kuona moshi wenyewe. Nakumbuka maneno yaliyokuwa yakitumika. Watu tuliokula nao, tuliozika nao, wakaanza kuitwa wageni, watu wa kuja, madoadoa. Ni maneno mepesi, yanatoka mdomoni bila kazi, na ukishamwita mtu doa huhitaji tena kumuuliza mtoto wake amelala wapi. Hapo ndipo ninapomjibu mpwa wangu. Maneno ya namna hiyo yalienea kila tuta, na kwetu yalifika vilevile, ila kwetu yalikuta maneno mengine yamekaa mahali pao. Wanawake wa kituo chetu walikuwa wamelia miezi kadhaa kwa ajili ya Cherotich. Walishajua mwanamke anayetafutwa anapumua namna gani buti likikanyaga juu yake. Hawakuhitaji mtu wa kuwaeleza siasa. Kisha ikaja habari kwamba arap Koech ameonekana hotelini Kiptere na vijana wasiojulikana, analishwa nyama, na kwamba wanataka mtu wa kuwaonyesha nyumba za upande wetu. Nyumba iliyokuwa ya kuonyeshwa tuliijua wote. Ilikuwa moja tu, ile ya kona.

Asubuhi moja nilikuwa nje nikiosha vyombo, nikamsikia Mama Moraa jikoni. Alikuwa amekuja na mzigo umefungwa kwenye leso na Moraa mkononi. "Nimekuja kuaga, mama," alisema. Senge akamuuliza anaenda wapi. "Kwetu." "Na barabara? Si wanashukisha watu kwenye magari pale chini?" Nikasikia senge akimimina chai, kikombe kimoja, kingine, na kidogo cha mtoto. "Ningekuficha chini ya sakafu kama Kipng'etich," akasema, "lakini sakafu yangu ni udongo, nitakuwa nimekuzika." Nikasikia Mama Moraa akicheka na kulia pamoja. Kisha senge akaongea kwa sauti nyingine, ile ya kupanga kazi ya shamba. "Sikia. Cherotich alifichwa peke yake, ndiyo maana alikuwa na hofu kila saa. Wewe hutafichwa. Usiku mtalala hapa kwangu. Mchana utachuma na sisi, utakaa katikati yetu, kila mtu akuone. Wakikutaka, watuambie sisi wote." Niliogopa sana niliposikia hivyo. Nilidhani senge hakuelewa kitabu. Leo najua alikuwa amekielewa kuliko mwandishi wake.

Walikuja alasiri, siku ya jua. Tulikuwa tumemaliza kumwaga majani na mimi nilikuwa nimeanza sura mpya. Arap Koech alikuwa mbele, fimbo yake ya kuchungia ng'ombe mkononi, na nyuma yake vijana wenye pinde na rungu, kiongozi wao amevaa koti la kijani. Karani alikumbuka ghafla kwamba ana hesabu za kufanya ndani, akajifungia. Sisi wanawake tulibaki, wote na vilemba, wote na makoti ya plastiki ya kuchumia, vidole vyetu vyote vyeusi kwa utomvu wa chai. Kwa macho ya mgeni, Mama Moraa alikuwa mmoja wetu tu. Alihitajika mtu wa kuonyesha. Nikafunga kitabu. "Usifunge," senge akaniambia. "Rudi nyuma. Soma ile ya mtu wa fimbo."

Nilisoma. Nilisoma jinsi anavyotembea mbele, jinsi anavyojua ni mlango upi una mtoto mgonjwa na upi una bibi kipofu, jinsi anavyougusa na kusonga. Mmoja wa vijana alivua kofia, akidhani ni ibada. Yule wa koti la kijani akauliza tunasoma nini. "Habari ya watu walioonewa," senge akamjibu bila kuinuka. "Kaa, usikilize." Hakukaa, lakini hakuondoka. Nikaendelea hadi jioni ya siku ile ya kitabuni, mtu yule nyumbani kwake, mkewe akimtazama, naye akisema, mimi naonyesha tu. Na yule kijana, kwa sababu hadithi ikishamshika mtu haimwulizi amekuja kufanya nini, akauliza swali ambalo angeuliza mtu yeyote. "Huyo mtu anaitwa nani?"

"Hana jina," senge akasema. "Tulikataa kumpa. Tulisema labda siku moja tutapata jina ya mtu inamfaa." Hapo akamgeukia arap Koech, na wanawake wote wakamgeukia, hata Mama Moraa. Mikono ya wanawake iliendelea kugeuza majani, na hiyo ndiyo sauti pekee iliyokuwepo. Arap Koech alitazama fimbo yake. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso likashuka hadi kidevuni, na hakulipangusa. "Mzee," kijana akasema, "yuko wapi?" Arap Koech akajikohoza. "Hapa hakuna mtu," akasema. "Ni wamama wetu na majani. Twendeni." Yule kijana alimtazama kwa muda mrefu, akatutazama sisi, akatema mate, na wakateremka walikotoka. Hawakurudi kwenye tuta letu tena. Mama Moraa aliinamisha kichwa juu ya meza, na senge akaweka mkono mgongoni mwake akauacha hapo hadi lori lilipokuja.

Nilipofika hapa kwenye hadithi, mpwa wangu alisahau nyama yake kabisa. Akataka kujua kitabu kiliishaje. Nikamwambia Cherotich anatoka hai, ila mtoto amezoea giza na analilia jua linapomwingia machoni, na wanawake walibishana juu ya mwisho huo hadi msimu uliofuata. Lakini hilo lilikuja baadaye. Kabla yake kulikuwa na siku ya pili.

Siku ya pili arap Koech alileta majani yake kama kawaida. Uso wake ulikuwa umevimba upande mmoja. Wale vijana walikuwa wamemlipa njiani. Alisimama kwenye mlango wa banda na gunia lake limejaa, akasalimia. Hakuna aliyeitika. Si kwamba tulipanga. Hakutuonyesha, ni kweli, lakini alikuwa ametembea mbele yao hadi pale, na fimbo mkononi, na kila mmoja wetu alikuwa ameiona. Alilaza gunia kando ya meza akangoja mtu wa kushika upande wa pili. Wanawake walitazama pembeni, vilevile walivyofanya nilipokuwa nikisoma. Akajaribu kulimwaga peke yake, gunia likapinduka, majani mengine yakaanguka matopeni. Akasimama tu, mikono imening'inia, mzee mzima, na nilimwonea huruma ila sikuinuka. Senge hakuinuka. Aliyeinuka ni Mama Moraa. Alizunguka meza yote bila haraka, akainama, akashika kitako cha gunia.

"Arap Koech," akasema, "shika huko juu. Majani yako inaungua."